Begi zito la mwanafunzi ni suala la ratiba kabla ya kuwa suala la mgongo

Mwezi uliopita nilimwomba muuza mchele wa mtaani kwetu, Makorora jijini Tanga, aniazime mizani yake kwa dakika tano. Kwenye ndoano yake nilitundika begi la mpwa wangu, msichana wa kidato cha kwanza ambaye kwa wiki mbili mfululizo alikuwa akirudi kutoka shuleni ameshika kiuno, na mshale ukasimama kwenye kilo 7 na nusu. Muuza mchele alilitungua begi, akalinyanyua kwa mkono mmoja, kisha akaliweka taratibu juu ya gunia bila kusema neno. Mtoto mwenyewe ana kilo 39. Kwa hesabu hiyo, alikuwa akibeba karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake. Ni kama kumtwika mtu mzima wa kilo 70 mzigo wa kilo 13 na nusu mgongoni, asubuhi na alasiri, siku tano kwa wiki.

Nyumbani tulimwaga kila kilichokuwamo juu ya mkeka. Kulikuwa na kaunta buku tisa (madaftari makubwa yenye majalada magumu), tano nene za kwaya tatu na nne nyembamba zaidi za kwaya mbili, vitabu viwili vya kiada, mkebe wa hesabu, rula, kitambaa cha kufutia dawati, na chupa ya maji ya lita moja iliyojazwa hadi shingoni. Kisha tukatazama ratiba aliyoinakili ndani ya jalada la daftari la Kiswahili. Siku ile alikuwa na masomo manne tu: Hisabati, Kiswahili, Biolojia na Jiografia, mengine yakiwa na vipindi viwili viwili. Nilipomuuliza kwa nini basi amebeba na madaftari ya masomo mengine matano, alinijibu kwa utulivu, kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana na wote: “Mjomba, ratiba ipo, ila haifuatwi. Mwalimu yeyote anaweza kuingia. Akiingia nawe huna daftari lake, unapiga magoti mbele mpaka kipindi kiishe.”

Jibu hilo limebadilisha namna ninavyolitazama suala zima. Wazazi wengi tunapoona mtoto ameinama chini ya begi, tunawaza kununua begi jingine, lenye mikanda minene au lenye magurudumu, au tunamlaumu mtoto kwamba hajui kupanga vitu vyake. Mtoto huyu anajua kupanga. Amepima hatari mbili, maumivu ya mgongo na aibu ya kupiga magoti mbele ya wenzake, akachagua maumivu kwa sababu maumivu hayamdhalilishi. Mzigo wake umetengenezwa na maamuzi ya watu wazima, na ni watu wazima hao hao wanaoweza kuupunguza.

Tuanze na mwili, maana hapo ndipo maneno mengi yasiyo na uhakika husemwa. Mzigo unapowekwa mgongoni, kitovu cha uzito wa mwili huvutwa nyuma, na mtoto asipofanya chochote ataanguka chali. Ili asianguke huinamisha kiwiliwili mbele na kusukuma kichwa mbele zaidi, hivyo misuli ya shingo na ya kiuno hulazimika kukaza njia nzima bila kupumzika. Kadiri begi linavyoning'inia mbali na mgongo na chini ya kiuno, ndivyo linavyovuta kwa nguvu zaidi, kwa kanuni ile ile ya wenzo anayofundishwa katika somo la Fizikia. Akilibeba kwa bega moja, kama wafanyavyo wavulana wengi wa sekondari, mwili hupinda upande ili kusawazisha. Mikanda myembamba nayo hukandamiza mishipa ya fahamu inayopita begani kwenda mkononi, na ndiyo maana baadhi ya watoto hulalamika ganzi ya vidole wanapoanza kuandika kipindi cha kwanza.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walipiga picha za MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili, za migongo ya watoto wanane wenye umri wa miaka 11 hivi, wakiwa wamesimama na mabegi ya kilo 4, kilo 8 na kilo 12. Kadiri uzito ulivyoongezeka, visahani laini vilivyo kati ya pingili za kiuno vilibanwa zaidi, uti wa mgongo ulipinda upande kwa baadhi yao, na watoto wenyewe walisema maumivu yameongezeka. Ni utafiti mdogo, lakini unaonyesha kwa macho kile ambacho mtoto hukieleza kwa kushika kiuno. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikishauri begi lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto, na wataalamu wengi wa viungo hupendelea asilimia 10. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kawaida wa miaka 7 ana kilo 22 au 23, kwa hiyo kikomo chake ni kilo mbili na kidogo, na humo lipo begi lenyewe kabla hujatia hata penseli. Hapa kwetu hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao hukua na kuingia darasa la kwanza wakiwa wadogo kuliko umri wao, wakati madaftari ya dukani hayapungui uzito kwa ajili yao.

Hata hivyo, uaminifu unataka niseme na upande wa pili. Mwaka 2018 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha mapitio ya tafiti 69 zilizohusisha watoto na vijana zaidi ya 72,000, na waandishi wake hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba mabegi ndiyo chanzo cha maumivu ya mgongo kwa watoto. Maumivu hayo huongezeka sana wakati wa kubalehe, iwe mtoto anabeba begi zito au jepesi, na mambo mengine kama usingizi mbaya, msongo wa mawazo na kutocheza huchangia. Begi zito pia halisababishi ule ugonjwa wa mgongo kupinda upande unaojitokeza kwa vijana. Mzazi anayemwambia binti yake kwamba “begi litakupinda mgongo” anamtisha kwa jambo ambalo tiba haijalithibitisha.

Je, mapitio hayo yanaondoa hoja yangu? Nadhani yanaiweka mahali pake. Yanatuambia tusiligeuze begi kuwa mchawi wa kila maumivu, na hapo nakubaliana nayo kabisa. Lakini mtoto anayefika darasani amelowa jasho, mabega yana alama nyekundu za mikanda na mikono inatetemeka, amekwisha kupata hasara hata kama mgongo wake utakuwa mzima akifika miaka 40. Tena nina shaka kama tafiti nyingi za aina hiyo zimewahi kumfuata mtoto anayetembea kwa miguu kutoka Mikanjuni au Mwanzange kwenda shule ya kata iliyo pembezoni mwa jiji, mwezi wa Machi, joto la pwani likiwa limeanza saa moja asubuhi, kisha akifika anakaa kwenye dawati kwa muda wa saa saba.

Dawati lenyewe halitajwi vya kutosha. Mwaka 2016 nchi nzima ilihamasishwa kutengeneza madawati ili wanafunzi wasikae sakafuni, na ilikuwa kazi kubwa iliyostahili kufanywa. Lakini madawati mengi yalitengenezwa kwa kipimo kimoja, na darasani wanakaa watatu au wanne kwa moja. Aliye mrefu hukunja magoti hadi yanagusa ubao wa chini, mfupi huning'iniza miguu, na wa katikati, akiwa hana pa kuweka begi, huliweka mgongoni mwake kati yake na egemeo, hivyo hukaa siku nzima kwenye ukingo wa benchi bila kuegemea. Mpwa wangu ndiye wa katikati. Kwa hiyo begi linamuumiza mara mbili: njiani kwa uzito na darasani kwa nafasi linayochukua.

Kabla sijaendelea, nitoe tahadhari ambayo kwangu ni nzito kuliko yote yaliyotangulia. Yapo maumivu ya mgongo ambayo mtoto hapaswi kuambiwa kwamba ni begi. Yanayomwamsha usiku, yanayofuatana na homa, kupungua uzito au kutokwa jasho usiku, yanayoambatana na udhaifu au ganzi ya miguu, au yanayodumu wiki nyingi mahali pamoja kwenye uti wa mgongo, yanahitaji hospitali mara moja. Kifua kikuu hushambulia pia pingili za uti wa mgongo, na kisipotibiwa mapema ndicho kinachowaacha baadhi ya watu na kibiongo na hata kupooza. Mtoto mwenye selimundu naye hupata maumivu makali ya mgongo damu inapokwama kwenye mishipa midogo, na kumwambia apunguze madaftari ni kumpotezea muda anaouhitaji. Sisi tulimpeleka mtoto zahanati kwanza, akapimwa, akaonekana hana hayo. Ndipo tulipokwenda kwa muuza mchele.

Sasa turudi kwenye kaunta buku, kwa sababu humo ndimo uzito ulimo. Kwaya tatu ni kurasa 288, yaani karatasi 144 za ukubwa wa A4, na pamoja na majalada yake magumu kaunta buku moja hukaribia gramu 600. Tisa za aina hiyo zinavuka kilo 5. Mwanafunzi hulazimika kununua kubwa kwa sababu shule husema notisi za mwaka mzima ziwe katika daftari moja, na wakati mwingine za miaka miwili. Mwezi wa Januari anabeba kurasa 288 zilizo tupu. Anachosafirisha kwenda na kurudi ni karatasi nyeupe ambazo hataziandika hadi Septemba. Na kwa nini notisi ni nyingi kiasi hicho? Kwa sababu katika shule nyingi za serikali vitabu vya kiada havitoshi kila mtoto kuwa na chake, kwa hiyo mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi hunakili, na daftari hugeuka kuwa kitabu chake cha pekee. Ukiliacha shuleni huna cha kujisomea usiku. Ukilipoteza umepoteza mwaka. Mtoto anayelibeba kila siku analinda mali yake ya pekee ya elimu, na mzazi mwenye busara hawezi kumwambia alitupe kabatini bila kufuli.

Katika shule za msingi mzigo una sura nyingine. Msemo wa “kidumu na fagio” kila aliyesoma Tanzania anaujua. Shule isiyo na maji ya bomba huwataka watoto waje na maji ya kumwagilia bustani na kusafisha vyoo, na kidumu cha lita 5 kina kilo 5 za maji, ukiacha plastiki yenyewe. Mtoto wa darasa la tatu mwenye kilo 25 anayekibeba kwa mkono mmoja, begi likiwa mgongoni, amebeba zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake kwa upande mmoja tu wa mwili. Kidumu hakimo katika hesabu ya mtu yeyote anayezungumzia mabegi, kwa kuwa hatukiiti begi.

Upande wa shule za binafsi nitapita haraka: huko uzito hutokana na vitabu vya kiada na vya mazoezi ambavyo kila mtoto analazimika kuvinunua, hotipoti ya chakula na sare za michezo, lakini walau mtoto hubebwa na basi la shule na mwendo wake ni kutoka getini hadi darasani.

Wazee wetu husema wao walibeba ndoo za maji na mizigo ya kuni na migongo yao haikuvunjika. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 1986 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba wanawake wa Kiluo waliozoea kubeba kichwani, na wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila miili yao kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Lakini hao walikuwa watu wazima waliojifunza mwendo huo kwa miaka mingi, na aliyebeba kichwani alikuwa na mzigo uliokaa wima juu ya uti wa mgongo, wala hauvuti nyuma. Tena aliyekwenda kisimani alitua ndoo, akapumzika, akaendelea na kazi ya kusimama na kutembea. Hakukaa saa saba kwenye ukingo wa benchi.

Kwa watu wazima wanaobeba kwa mshahara, dunia iliona haja ya kipimo zamani. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu uzito wa mizigo, na pendekezo lililoambatana nao lilitaja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima, huku likitaka wanawake na vijana wapewe mizigo iliyo midogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Kuli wa bandarini anaweza kuuliza gunia lina kilo ngapi kabla hajaliinamia. Shuleni sijawahi kuona mtu akiuliza. India iliuliza: sera yake ya mabegi ya mwaka 2020 iliweka kikomo cha asilimia 10 ya uzito wa mtoto, ikafuta kabisa mabegi kwa watoto wa awali, ikataja kilo 1.6 hadi 2.2 kwa madarasa mawili ya mwanzo, na ikataka shule ziwe na mizani. Kinachonivutia katika sera hiyo ni kwamba haikuishia kwa mtoto; iligusa ratiba, idadi ya madaftari, na mahali pa kuhifadhia vitu shuleni.

Kwa Tanga sihitaji kusubiri sera ili kuona pa kuanzia. La kwanza, na kwangu ndilo la msingi, ni ratiba kufuatwa, na mwalimu anayebadilishana kipindi na mwenzake aseme siku moja kabla. Mwalimu wa taaluma ana uwezo wa kuliagiza hilo bila senti moja ya bajeti. Najua walimu ni wachache, wanaugua, wanaitwa kwenye vikao na semina, na kipindi kikibaki wazi mwenzao hukitumia ili mtaala ukamilike. Hiyo ni juhudi, na siibezi. Basi anayeingia kwa dharura akubali notisi ziandikwe kwenye karatasi na kunakiliwa baadaye, na adhabu ya daftari lisilokuwa kwenye ratiba ya siku hiyo ikome. Adhabu hiyo ikikoma, mabegi yatapungua wiki hiyo hiyo.

La pili ni kuruhusu madaftari membamba. Somo moja likiwa na madaftari mawili, la muhula wa kwanza na la muhula wa pili, mtoto atabeba nusu ya uzito na notisi zote zitabaki salama, moja mkononi na jingine nyumbani. Bei ya mwaka haitofautiani sana, na kwa mzazi wa kipato kidogo kununua nusu Januari na nusu Julai ni ahueni. Kabati lenye kufuli kwa kila darasa linahitaji mbao na fundi seremala, na kamati za shule na bodi zimekwisha kusimamia makubwa kuliko hayo. Tangi la kuvunia mvua za masika lingemaliza habari ya kidumu kwa miezi mingi ya mwaka. Mwalimu wa zamu, ambaye kila asubuhi husimama getini kukagua kucha na nywele, angeweza pia kunyanyua begi moja moja na kumuuliza mtoto ndani kuna nini.

Nyumbani tulifanya yaliyo katika uwezo wetu. Fundi viatu mmoja wa Ngamiani alishona sponji ya godoro kuukuu ndani ya mikanda, akaifupisha ili begi lisishuke chini ya kiuno. Vitabu vizito sasa huwekwa upande unaogusa mgongo. Na siku ambazo kaka yake yupo, begi hufungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli, kama Tanga ilivyozoea kusafirisha kila kitu. Maumivu yamepungua, ingawa hayajaisha. Pia tulikubaliana ajaribu kubeba kwa kufuata ratiba kwa wiki moja, nami nikaenda kumwona mwalimu wake wa darasa, ambaye alinisikiliza vizuri na kuniahidi kulizungumza na wenzake.

Muuza mchele sasa ananitolea mizani kabla sijaomba. Jumatatu begi lilikuwa kilo 3 na nusu. Jumanne lilikuwa kilo 3 na gramu 800. Jumatano lilirudi kilo 7 na nusu, kwa sababu Jumanne mwalimu wa Historia aliingia katika kipindi cha Jiografia, na wale ambao hawakuwa na daftari lake, mpwa wangu akiwa mmoja wao, walipiga magoti mbele ya darasa hadi kengele ilipogongwa.